Hesabu ya Maji ya Turkana na Binti Zetu

Sisi watu wa pwani twaujua upepo kwa majina yake. Kaskazi ndiyo iliyoleta majahazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi, na kusi ndiyo iliyoyarudisha kwao. Hata leo mvuvi wa Lamu au Vanga hatoi chombo chake kabla ya kuinua uso na kutazama upepo watoka wapi. Walakini ni wachache miongoni mwetu waliowahi kujiuliza: upepo huo ukishatupita sisi, huenda wapi?

Sehemu yake huelekea bara, ikapita juu ya nyika hadi kaskazini mwa Kenya. Huko nyanda za juu za Ethiopia zimesimama upande mmoja, na nyanda za juu za Kenya upande wa pili, na kati yake pana njia ya chini, mfano wa uchochoro wa Mji wa Kale uliobanwa na nyumba ndefu. Upepo ukiingia hapo hubanwa, na ukibanwa huongeza kasi, kama maji ya mpira unapoubana mdomo wake kwa kidole. Upepo huu umebeba mvuke wa Bahari ya Hindi. Lakini mvuke huo hupita mbio juu ya vichwa vya watu wa Turkana, ukaenda kuwa mvua kwingineko. Hii ni sababu mojawapo ya mji wa Lodwar kupata mvua ya milimita 200 hivi tu kwa mwaka, hali Mombasa hupata zaidi ya mara nne ya hiyo.

Mwaka 1982 watafiti Joseph Kinuthia na G. C. Asnani walichapisha habari za mkondo huo wa upepo, wakiutambulisha kwa wanasayansi wa dunia kuwa ni jambo lililogunduliwa upya kaskazini mwa Kenya. Walitegemea baluni zilizorushwa angani na kufuatiliwa zinavyochukuliwa na upepo. Takriban miaka 40 baadaye, mwaka 2021, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford na Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya walirusha tena baluni huko Marsabit, safari hii zikiwa na vipimo vya kisasa. Kisha mwaka 2023 Callum Munday wa Oxford na wenzake wakatoa matokeo ya jaribio la ajabu: ndani ya kompyuta waliyaziba mabonde ya Afrika Mashariki, likiwemo hilo la Turkana, wakatazama mvua itakuwaje. Ikadhihirika kwamba lau mabonde hayo yasingekuwapo, Afrika Mashariki ingepata mvua zaidi, na bonde la Kongo lingepata kidogo kuliko sasa.

Hapana mwanadamu awezaye kuziba bonde la Turkana kwa udongo ili ajue mvua itaelekea wapi. Lakini mtu aliyesomea hesabu, akajua kuziamuru mashine, na akaielewa hali ya hewa, aweza kuliziba ndani ya kompyuta na kulifungua tena. Elimu ya namna hiyo huitwa hisabati tumizi na ukokotoaji wa kisayansi. Ngazi yake ya juu ni shahada ya uzamivu, na mwenye kuihitimu ndiye aitwaye daktari wa falsafa, ingawa hatibu mgonjwa yeyote.

Huenda mama mwenye binti akauliza: haya yanihusu nini mimi niliyeko Kisauni au Malindi? Makala hii inajaribu kujibu swali hilo, na jibu lenyewe linapitia kwenye ndoo ya maji.

Hesabu ya pipa

Chukua pipa la maji lililoko uani kwako. Asubuhi lina kiasi fulani. Mchuuzi wa mkokoteni akaongeza madumu matatu, wewe ukatoa ya kupikia, ya kufulia na ya udhu, na jua likakausha kidogo. Jioni maji yaliyosalia ni yale ya asubuhi, kuongeza yaliyoingia, kutoa yaliyotoka. Kila mama anaijua hesabu hii, hata kama hajawahi kuiandika. Wanahisabati huiandika kwa alama, nao huiita mlinganyo.

Sasa fikiri kwamba uani hamna pipa moja bali maelfu, yamepangwa safu kwa safu, na kila pipa lina tundu ubavuni linalovujisha maji katika pipa la jirani. Ukitaka kujua pipa la kati litakuwa na maji kiasi gani mwakani, huna budi kuyafuatilia mapipa yote kwa pamoja, siku baada ya siku. Hivyo ndivyo mtaalamu anavyoyatazama maji yaliyo chini ya ardhi. Huligawa bonde zima katika vyumba vidogo vidogo, akaandika hesabu ya pipa kwa kila chumba, kisha akaiamuru kompyuta ifanye hesabu hizo mamilioni kwa mamilioni. Hesabu zilizounganishwa hivyo huitwa kielelezo cha bonde.

Ukubwa wa vyumba hivyo ni jambo kubwa, na wavuvi watanielewa upesi. Wavu wa matundu mapana haukamati dagaa. Vivyo hivyo kielelezo chenye vyumba vya upana wa kilomita mia na zaidi hakiuoni vyema uchochoro wa Turkana: milima husawazishwa, upepo huonekana dhaifu kuliko ulivyo, na mvua huhesabiwa pahali isiponyesha. Kuusuka wavu wa matundu madogo kwataka kompyuta zenye nguvu na hesabu za werevu. Kujua ni wapi pa kuusuka kwataka mtu aijuaye nchi.

Basi elimu hii haikai katika idara moja. Mwanahisabati peke yake aweza kuandika mlinganyo mzuri wa mto asiowahi kuuona. Mjuzi wa kompyuta peke yake aweza kupata jibu la haraka kwa swali lisilo sahihi. Mwanajiolojia peke yake aweza kuujua mwamba kwa kuushika, asiweze kusema kisima kitakuwaje baada ya miaka 20. Mafunzo ya uzamivu yanayovuka mipaka ya taaluma yanakusudia kumlea mtu mmoja awezaye kuzungumza na wote watatu na kuelewana nao.

Bishara ya mwaka 2013

Mwezi Septemba 2013 Kenya ilipata habari iliyotangazwa ulimwenguni kote. Serikali na shirika la UNESCO walitangaza kwamba chini ya ardhi ya Turkana pamegunduliwa hifadhi kubwa mno za maji. Moja iko karibu na Lodwar. Ya pili, kubwa zaidi, iko katika uwanda wa Lotikipi, kaskazini zaidi, nayo ilikadiriwa kuwa na mita za ujazo bilioni 200 hivi. Magazeti yakaandika kwamba maji hayo yangeitosha nchi nzima kwa miaka 70.

Kazi hiyo ilifanywa na kampuni ya Kifaransa iitwayo Radar Technologies International, kwa kuunganisha picha za rada kutoka satelaiti, ramani za jiolojia na hesabu za kompyuta. Ilikuwa kazi ya kitaalamu, nayo ilionyesha mahali pa kuchimba pasipokuwa pamefikiriwa. Hata hivyo waliotoa tangazo walisema wazi kwamba uchunguzi zaidi wahitajika ili kuujua wingi wa maji hayo na ubora wake. Neno hilo la mwisho halikusikika katika shangwe. Vipimo vilivyofuata vilionyesha kwamba maji ya Lotikipi yana chumvi nyingi, hayafai kunywewa bila kusafishwa kwa gharama kubwa.

Hapa ndipo penye somo. Rada ya angani yaweza kuonyesha dalili za mahali maji yalipo, lakini haiwezi kuyaonja. Chumvi hujulikana kwa kuchimba, kuteka na kupima. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na maji ya Turkana yako mvunguni haswa. Aliyeketi mbele ya kompyuta bila kuinama huacha pengo katika hesabu yake, na pengo hilo hulipwa na mtu mwingine: yule mwanamke aliyeambiwa redioni kwamba maji yamepatikana, kisha akaamka kesho yake akachukua dumu lake na kwenda kufukua mchanga wa mto mkavu, kama alivyofanya mama yake.

Lodwar na Kakuma

Mji wa Lodwar unaishi kwa mto Turkwel. Mto huo hushuka kutoka nyanda za juu zilizo upande wa Mlima Elgon, hupitia bwawa la umeme lililojengwa kati ya 1986 na 1991, kisha hutambaa jangwani hadi mjini na kuelekea Ziwa Turkana. Maji ya kunywa ya wakazi hupigwa pampu kutoka visima vilivyochimbwa kandokando ya mto huo.

Katika mpango wa utafiti wa maji uitwao REACH, ulioongozwa na Oxford na kuanza mwaka 2015, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi, miongoni mwao Florence Tanui na Daniel Olago, waliyachunguza maji hayo ya chini kisima kwa kisima. Walipima madini na chumvi, wakachunguza tabaka za mchanga na miamba. Wakaeleza kwamba ni mto wenyewe unaoijaza hifadhi ya karibu na uso wa ardhi, na kwamba ubora wa maji hubadilika kutoka mahali hadi mahali na kutoka kina hadi kina. Wakati huohuo Feyera Hirpa wa Oxford na wenzake walitengeneza kielelezo cha kompyuta cha bonde zima la Turkwel, wakijaribu kupima mustakabali wake katika nchi ambayo takwimu zake ni haba: tabianchi ikibadilika itakuwaje, kilimo cha umwagiliaji kikipanuka itakuwaje, na mji ukikua itakuwaje.

Tazama jinsi kazi hizo mbili zinavyohitajiana. Anayepima visima ajua maji ya leo, wala hana njia ya kuyaona ya mwaka ujao. Mwenye kielelezo aweza kuuliza habari za miaka mingi ijayo, ila pasi na vipimo vya kisima hana cha kusawazishia hesabu yake. Ikiwa ni mto unaoijaza hifadhi, basi bwawa likizuia maji au mashamba yakiyateka yote, bomba la Lodwar litahisi. Hilo ni jambo la hesabu, na papo hapo ni jambo la haki kati ya mkulima, mfugaji na mkaaji wa mji.

Kakuma, umbali wa kilomita 120 hivi kaskazini-magharibi mwa Lodwar, ina mizani ngumu zaidi. Kambi ya wakimbizi ilifunguliwa huko mwaka 1992 kwa ajili ya vijana waliokimbia vita vya Sudan. Leo, pamoja na makazi ya Kalobeyei, inahifadhi watu zaidi ya laki mbili: Wasudani Kusini, Wasomali, Wakongo, Warundi, Waethiopia na wengineo, wakiwemo ndugu zetu Waislamu wengi. Maji yao hutoka katika visima vya kandokando ya Tarach, mto wa msimu ambao huwa mchanga mtupu kwa muda mrefu wa mwaka, kisha hufurika ghafla na kubeba nyumba. Katika ukanda huo wa Bonde la Ufa baadhi ya visima huwa na floraidi nyingi, madini ambayo yakizidi hubadili rangi ya meno ya watoto na kudhuru mifupa. Kisima gani kifungwe, kipi kichimbwe, pampu ivute kwa saa ngapi bila kukausha cha jirani, ni nyumba zipi zihamishwe kabla ya mafuriko: maswali hayo yote yanaweza kujibiwa kwa kubahatisha au kwa kuhesabu. Wanaoishi hapo ndio wanaoijua tofauti.

Njia ya mwanafunzi

Mwanafunzi wa namna hii huanza na shahada ya kwanza ya hisabati, fizikia, uhandisi au kompyuta, akafuata ya uzamili, kisha uzamivu. Nchini Kenya uzamivu huchukua miaka isiyopungua mitatu, na mara nyingi huzidi. Katika mafunzo yanayovuka taaluma huwa na wasimamizi wawili au watatu kutoka idara mbalimbali. Husoma jinsi ya kutatua milinganyo kwa tarakimu, jinsi ya kuandika programu zinazogawana kazi kati ya mashine nyingi, na jinsi ya kusema wazi kiasi cha shaka kilichomo ndani ya jibu lake. Hutoka kwenda uwandani kupima. Huchapisha makala yakosolewe na wajuzi wenziwe. Mwisho huketi mbele ya jopo na kuitetea tasnifu yake.

Milango iko Afrika Mashariki hapa hapa. Tangu mwaka 2002 mpango wa hisabati wa vyuo vikuu vya Afrika Mashariki, EAUMP, kwa msaada wa Chuo Kikuu cha Uppsala cha Uswidi, umeviunganisha vyuo vya Nairobi, Dar es Salaam na Makerere, na baadaye Rwanda na Zambia, ili wanafunzi wa uzamili na uzamivu wasomeshwe na wasimamiwe kwa ushirikiano. Taasisi ya Nelson Mandela mjini Arusha, iliyofunguliwa mwaka 2011, ni ya masomo ya juu ya sayansi na teknolojia. Taasisi ya AIMS ina kituo mjini Kigali tangu 2016 kwa shahada za uzamili za sayansi za hisabati. Na Lodwar yenyewe ina Chuo Kikuu Kishiriki cha Turkana, kilichoanzishwa mwaka 2017 chini ya Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, kwa hiyo mtoto wa Turkana sasa aweza kuanza safari bila kuuhama mto wake.

Si elimu ya kigeni kwetu. Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, aliyeishi Baghdad katika karne ya 9, ndiye aliyeandika kitabu kilichoipa aljebra jina lake, na sehemu kubwa ya kitabu hicho yahusu wasia na mirathi. Jina lake ndilo lililogeuka kuwa algoriti, neno ambalo kila mwandika programu hulitumia. Aliyewahi kumwona sheikh akigawa mirathi yenye warithi wengi ameiona hisabati tumizi ikifanya kazi yake: haki ya mjane na yatima imo ndani ya sehemu ya nane na ya sita.

Wala si elimu ya wanaume peke yao. Verdiana Masanja, mzaliwa wa Bukoba, ndiye mwanamke wa kwanza wa Tanzania kupata uzamivu wa hisabati. Alisoma Dar es Salaam, kisha Berlin, na tasnifu yake ilihusu kukokotoa mwendo wa kiowevu ndani ya bomba. Utabiri wa kwanza wa hali ya hewa uliofanywa kwa kompyuta, nchini Marekani mwaka 1950, ulipitia mikononi mwa Klara von Neumann, aliyesaidia kuandaa na kukagua maagizo ya mashine. Na miongoni mwa Wakenya yupo Abdisalan Noor, ambaye uzamivu wake ulihusu kupima kwa ramani na hesabu jinsi watu wanavyovifikia vituo vya afya, kisha akahudumu katika mpango wa malaria wa Shirika la Afya Duniani.

Neno kwa wazazi

Safari hii ina uzito wake, na si vyema kuuficha. Ni miaka mingi, posho yake ni ndogo, nayo huangukia katika umri ambao jamaa huuliza habari za ndoa. Kazi za uwandani humpeleka binti mbali na nyumbani, penye joto na vumbi. Kwa hiyo mzazi ana haki ya kuuliza maswali kabla ya kutoa ruhusa na baraka zake. Je, ufadhili unalipa karo pamoja na matumizi ya kila siku, na kwa miaka yote? Wasimamizi ni nani, na wanafunzi wao waliotangulia walimaliza? Huko uwandani atalala wapi, na nani? Akiolewa au akijifungua, chuo chamruhusu kusimamisha masomo na kurudi? Chuo chenye nia njema kitayajibu maswali haya bila kuudhika.

Lakini uamuzi mkubwa zaidi huja mapema, kabla chuo hakijatajwa. Katika mtaala mpya wa Kenya mwanafunzi anapoingia sekondari ya juu huchagua njia ya masomo, na njia ya sayansi ni mojawapo. Wakati huo binti ana miaka 15 hivi. Neno moja la nyumbani, kwamba hesabu ni za wavulana, au kwamba zitamchosha bure, laweza kuufunga mlango ambao hakuna ufadhili utakaoufungua tena. Na neno jingine, la mama anayemwita jikoni na kumwambia, "Hebu nipigie hesabu ya pipa hili, litatufikisha lini?", laweza kuuacha wazi.

Wazee wetu walilielewa jambo hili. Taasisi ya elimu ya Kiislamu ya Mombasa, MIOME, iliyopokea wanafunzi wake mwanzoni mwa miaka ya 1950, ilijengwa ili vijana Waislamu wa Afrika Mashariki wajue uhandisi na ufundi, nayo leo ndiyo Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Walijenga kwa ajili ya wana wao wa kiume. Sisi tumejaliwa kuongeza mabinti.

Upepo wetu utaendelea kupita na kwenda zake Turkana, ukiwa umebeba mvuke wa bahari yetu. Watu wa huko wamesubiri muda mrefu mtu wa kuwaambia kwa yakini maji yako wapi, ni matamu au ni ya chumvi, na yatadumu hadi lini. Inshallah, atakayewaambia atakuwa binti wa Lodwar, au wa Kakuma, au wa hapa kwetu, mwenye hesabu kichwani na vumbi miguuni.